Kuusoma Mji kwa Miguu: Kutoka Makerere hadi Lubiri



Ndugu msomaji, kila muhula nakutana na mwanafunzi aliyekaa Kampala miaka mitatu na njia anazozijua ni mbili tu: ya hosteli kwenda darasani, na ya stendi kwenda kwao. Akirudi nyumbani na kuulizwa mji ukoje, atasema una foleni na bodaboda nyingi. Ameishi ndani ya kitabu bila kukifungua.

Somo letu la toleo hili ni namna ya kukifungua. Nitakupitisha katika njia ya takriban kilomita sita, unayoweza kuitembea kwa siku moja ukiwa na viatu vizuri na chupa ya maji. Mimi nimeitembea mara kadhaa pamoja na wanafunzi wapya, na kila mara maswali yao yamenifanya nirudi kusoma upya.

Kwa nini tutembee?

Qur'ani imetuamrisha mahali pengi kutembea katika ardhi na kutazama. Rejea al-An'aam aya ya 11, al-Ankabuut aya ya 20 na ar-Ruum aya ya 42. Katika al-Hajj aya ya 46, kutembea huko kumeunganishwa na nyoyo kupata kufahamu. Kwa hiyo kutembea kwetu si kupunga upepo peke yake. Ni kutazama waliotutangulia walijenga nini, walikosea wapi, na ni kipi kimebaki.

Lugha ya wenyeji wetu nayo inatusaidia hapa. Kwa Kiganda, neno okusoma lina maana ya kusoma, na pia kusali. Karne ya 19, Waganda walioingia katika dini, Waislamu kwanza na kisha Wakristo, waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Mimi niliyekulia pwani nililipenda neno hili siku ya kwanza kulisikia. Kumbe muumini na mwanafunzi waliwahi kuitwa jina moja.

Lakini msomaji ana masharti yake. Sharti kubwa ninaloliweka kwa kila kundi ninalotembea nalo limo katika an-Nisaa aya ya 135: kusimama na uadilifu na kuwa mashahidi kwa ajili ya Allah, hata kama ushahidi huo ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi au jamaa. Ni rahisi kuizunguka Kampala ukitafuta mahali palipotutukuza Waislamu na kupita haraka palipotuaibisha. Ni rahisi pia kufanya kinyume chake, ukainamisha kichwa kana kwamba sisi ni wageni hapa. Njia zote mbili si usomaji. Sasa tuanze safari.

Kituo cha kwanza: Makerere

Anza saa tatu asubuhi mbele ya Jengo Kuu la Chuo Kikuu cha Makerere. Chuo kilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Jengo hili jeupe lilikamilika mwaka 1941, likaungua usiku mmoja wa Septemba 2020, na likafunguliwa tena mwaka 2024 baada ya kujengwa upya. Lishike akilini, kwa sababu leo utaona mengi yaliyobomolewa au kuhamishwa, kisha yakasimamishwa tena.

Kutoka hapo nenda kwenye shule ya sanaa yenye jina la Margaret Trowell, na jumba la maonyesho lililo jirani nayo. Bi Trowell alianza kufundisha sanaa mwaka 1937, akianzia kwenye baraza la nyumba yake. Wanafunzi wake walitoka Afrika Mashariki nzima. Gregory Maloba, aliyetoka Kenya, ndiye aliyetengeneza Mnara wa Uhuru ulio katikati ya mji, ule wa mtu aliyefungwa vitambaa akimwinua mtoto juu, mwaka 1962. Sam Ntiro, mchoraji kutoka Kilimanjaro, alichora maisha ya kijijini kwao, na baadaye akawa Balozi wa nchi yake mjini London. Elimo Njau, naye Mtanganyika, ndiye mwenye michoro mikubwa ya ukutani iliyo Murang'a, Kenya. Kwa hiyo ndugu uliyetoka Moshi au Nairobi, kilima hiki si cha watu wengine. Wa kwenu walijifunza kushika brashi hapa.

Najua kuna atakayeuliza kuhusu sanamu na picha za viumbe. Wanachuoni wamelizungumza jambo hili kwa urefu na kutofautiana katika baadhi ya sehemu zake, na sheikh wako wa chuo ndiye wa kumuuliza. Ninachosema mimi ni kwamba kuifahamu historia ya kazi ni jambo moja na kuitukuza ni jambo jingine. Asiyependa kuingia asilazimishwe wala asichekwe. Atusubiri chini ya mti, atupe zamu ya kubeba maji.

Kituo cha pili: Old Kampala

Toka chuoni uifuate barabara ya Makerere Hill, kisha uteremke kwa barabara ya Sir Apollo Kaggwa kuelekea Old Kampala. Tembea kwa upande mmoja wa barabara, mkiwa wawili wawili, maana bodaboda hazina simile. Ukifika mitaa ya Old Kampala inua macho juu ya maduka. Utaona majengo ya zamani ya Wahindi, yenye varanda na nakshi za saruji, mengine yakiwa yameandikwa mwaka wa kujengwa kwenye paji la uso wake.

Majengo haya yana habari yake. Agosti 1972, Rais Idi Amin aliwaamuru Waasia waondoke Uganda ndani ya siku 90. Wengi wetu tumeisikia habari hii kama habari ya Wahindi na biashara. Simama hapo uikumbuke pia kama habari ya jirani kumfukuza jirani. Na miongoni mwa waliofukuzwa walikuwamo maelfu ya Waislamu: Ismailia, Bohora na Sunni, waliokuwa wamejenga shule na misikiti katika mji huu.

Sasa panda kilimani. Jina la mji limetoka hapa. Kabaka alikuwa akifuga swala aina ya impala kwenye kilima hiki, Waganda wakakiita kilima cha impala, na Kampala ikabaki. Desemba 1890 Kapteni Frederick Lugard wa kampuni ya Imperial British East Africa alipiga kambi hapa na kujenga boma. Hakuja na Waingereza peke yao. Katika msafara wake walikuwamo askari wa Kisudani na wapagazi wa Kizanzibari, wengi wao Waislamu. Bendera ya ukoloni ilipopandishwa kilimani, baadhi ya mikono iliyovuta kamba ilikuwa ya ndugu zetu. Huu ni ushahidi wa kwanza dhidi ya nafsi zetu, tuuandike.

Makumbusho ya Uganda nayo yalianzia ndani ya boma hilo mwaka 1908. Wenyeji waliyaita Enyumba ya Mayembe, nyumba ya hirizi, kwa sababu ya vitu vya matambiko vilivyokusanywa humo. Baadaye yalihamia Makerere, na mwaka 1954 yakapata jengo lake Kitante, lilipo mpaka leo. Boma lenyewe lilipisha ujenzi wa msikiti, na mfano wake ukajengwa upya pembeni ya kilima. Kuna wanaofurahi kwamba ngome ya mkoloni ilitoa nafasi kwa nyumba ya Allah. Kuna wanaosikitika kwamba jengo la kwanza la namna yake mjini halipo tena. Msomaji mzuri anaweza kuzisikiliza hoja zote mbili bila kukunja uso.

Kisha ingia Msikiti wa Taifa. Wasimulie wenzako namna ulivyopatikana. Baraza Kuu la Waislamu la Uganda liliundwa mwaka 1972, na Amin akalipa ardhi ya kilima hiki. Ujenzi ulianza, ukasimama alipoanguka mwaka 1979, ukabaki kiunzi kwa zaidi ya miaka 20. Libya chini ya Muammar Gaddafi ndiyo iliyougharimia hadi ukakamilika. Ulianza kutumika mwaka 2007, na Gaddafi mwenyewe akaja kuuzindua Machi 2008. Kwa miaka kadhaa ulibeba jina lake, kisha mwaka 2013 ukaitwa Msikiti wa Taifa wa Uganda. Ndani tazama dari, vioo vya rangi, mbao na taa. Waongozaji hupenda kueleza kwamba Afrika, Uarabuni na Ulaya zimekutana katika jengo moja.

Panda mnara. Ngazi zake zinakaribia 300, kwa hiyo wape nafasi wenye pumzi fupi. Ukifika juu utaviona vilima vyote kama ramani: Makerere ulikotoka, Namirembe ya Waanglikana, Rubaga ya Wakatoliki, Mengo ya Kabaka, na upande wa mashariki Kibuli, penye msikiti uliofunguliwa mwaka 1951 kwenye ardhi iliyotolewa na Mwana wa Mfalme Badru Kakungulu. Barabara nyingi za mji zinaanzia chini ya miguu yako. Teremka, tawadha, sali adhuhuri na jamaa. Nje ya geti kuna chapati na chai.

Darasa fupi baada ya swala

Hapa ndipo huwa nawakalisha wenzangu kwenye kivuli na kuwapa historia, kwa sababu vituo viwili vinavyofuata havieleweki bila hiyo.

Uislamu uliingia Buganda kupitia wafanyabiashara Waarabu na Waswahili. Mwaka 1844, wakati wa Kabaka Suuna II, alifika Ahmed bin Ibrahim. Masimulizi ya Waganda wenyewe yanasema kwamba alimwona Kabaka akiamuru watu wauawe, akasimama mbele ya baraza na kumwambia kwamba watu hao wameumbwa na Allah na si haki kuwaua. Fikiria, mgeni asiye na jeshi, mbele ya mfalme! Neno la kwanza la Uislamu linalokumbukwa katika nchi hii lilikuwa la kutetea uhai wa watu ambao hata hawakuwa Waislamu.

Mwanawe, Muteesa I, alijifunza Kiswahili na herufi za Kiarabu, akafunga Ramadhani kwa miaka karibu kumi. Mpaka leo Kiganda kimejaa maneno yaliyopita mdomoni mwa Waswahili: ekitabo, essaawa, emmeeza, ssabbuuni. Lakini mwaka 1876 baadhi ya vijana wa ikulu walikataa kula nyama iliyochinjwa kwa amri ya Kabaka na kusali nyuma yake, kwa kuwa hakuwa ametahiriwa. Aliamuru wauawe, na wengi walichomwa Namugongo. Ilikuwa miaka kumi kabla ya mashahidi Wakristo ambao dunia nzima inawajua.

Sasa upande wa pili. Mwaka 1888 kundi la Waislamu lilishika madaraka Mengo na kumweka Kalema kuwa Kabaka. Kwa hofu ya kupinduliwa, Kalema aliwaua wana na mabinti wa kifalme, akiwamo ndugu yake Kiweewa aliyemtangulia kwenye kiti. Ndani ya nusu karne tu tulikuwa tumetoka kwa mtu aliyemkataza mfalme kuua, tukafika kwa mfalme wetu anayeua. Nikifika hapa kundi hunyamaza. Nami siwaharakishi.

Kituo cha tatu: Namirembe

Teremka hadi Bakuli, vuka barabara kwa uangalifu, upande kilima cha Namirembe. Jina hili linatokana na neno mirembe, yaani amani. Hata hivyo Januari 1892 Waprotestanti na Wakatoliki walipigana chini ya vilima hivi, na Lugard akawasaidia Waprotestanti kwa silaha kutoka Old Kampala. Waislamu walikuwa wameshashindwa vita vyao, na katika mgawanyo uliofuata waliishia kubaki na jimbo dogo la Butambala.

Kanisa kuu la matofali mekundu lenye kuba, unaloliona sasa, lilijengwa kati ya 1915 na 1919. Yaliyolitangulia yaliharibika, moja kwa dhoruba na jingine kwa moto wa radi. Pembeni kuna makaburi ya wamisionari, likiwamo la daktari Albert Cook, aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897. Watu wa dini zote wametibiwa na kuzaliwa humo.

Kuingia kanisani kutazama jengo ni suala lenye maoni tofauti kwa wanachuoni, na anayebaki nje hapungukiwi kitu, maana uzuri wa jengo hili uko pia nje yake. Lakini kumbuka kwamba al-Hajj aya ya 40 imezitaja nyumba za ibada za wengine pamoja na misikiti, pale inapozungumzia kinga ya Allah zisivunjwe. Basi shusha sauti, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na kama kuna ibada au harusi pita pembeni. Tunavyotaka watalii waheshimu Msikiti wa Taifa ndivyo nasi tuwe hapa.

Kituo cha nne: Bulange na barabara ya Kabaka Anjagala

Ukiteremka upande wa pili wa kilima utafika Bulange, jengo la bunge la Buganda, lililojengwa miaka ya 1955 hadi 1958. Baada ya mgogoro wa 1966 serikali kuu ililichukua na kulifanya makao makuu ya jeshi. Lilirudi kwa Buganda mwaka 1993.

Mbele ya Bulange inaanza barabara iliyonyooka ya takriban maili moja, hadi kwenye lango la ikulu ya Lubiri. Hii ndiyo Kabaka Anjagala, maana yake Kabaka ananipenda. Kandokando yake zimepangwa alama za koo za Waganda, ambazo huhesabiwa 52: simba, kamongo, uyoga, kima na nyinginezo. Kila mwenyeji ana ukoo, na hali kile kilicho alama ya ukoo wake. Katikati kuna mzunguko wa Nnantawetwa. Watu wote huuzunguka, isipokuwa Kabaka, ambaye hufunguliwa lango akapita katikati moja kwa moja.

Katika barabara hii nawapa wenzangu kazi moja: kila mmoja amsalimie mwenyeji mmoja kwa adabu na kumwomba amweleze kuhusu ukoo wake. Kina dada waende kwa kina mama wauza ndizi, kina kaka kwa wazee. Mara nyingi tunarudi na hadithi nyingi kuliko zilizo vitabuni, na zaidi ya mara moja mzee wa Kikristo ametuambia bibi yake alikuwa Mwislamu.

Kituo cha mwisho: Lubiri

Lubiri ya Mengo ilianzishwa na Kabaka Mwanga mwaka 1885. Tarehe 24 Mei 1966 majeshi ya Waziri Mkuu wa zamani Milton Obote, aliyekuwa ameshajitwalia urais, yaliishambulia yakiongozwa na Idi Amin. Kabaka Edward Muteesa II, aliyekuwa pia Rais wa kwanza wa Uganda, aliruka ukuta akakimbilia Burundi na kisha Uingereza, alikofariki mwaka 1969.

Nyuma ya jumba la kifalme njia inashuka kwenye handaki la zege lenye vyumba vyenye giza. Lilijengwa kuwa ghala la silaha, na utawala wa Amin ukaligeuza jela ya mateso. Kwenye kuta bado kuna maandishi ya waliofungwa humo. Simameni kimya. Huyu ni yule yule aliyetoa ardhi ya msikiti mliosali adhuhuri.

Ndugu zangu, ndiyo maana nimeichagua njia hii na kuimalizia hapa. Wapo Waislamu wanaomtetea Amin kwa ajili ya ile ardhi. Lakini waliouawa katika utawala wake walikuwamo Waislamu pia, kama Shaban Nkutu, waziri wa zamani, aliyeuawa mwaka 1973. Na wapo wasio Waislamu wanaotubebesha sote madhambi yake. Mwaka 1979, baada ya kuanguka kwake, Waislamu wa Bushenyi waliuawa kwa kisasi, wanawake na watoto wakiwamo, kwa mambo ambayo hawakuyafanya wao. Uadilifu unatutaka tuseme yote matatu kwa pumzi moja: zawadi ilitolewa, dhuluma ilitendeka, na dhuluma ya kisasi nayo ilikuwa dhuluma.

Mwanafunzi akiulizwa na mwenzake darasani habari ya Amin na Uislamu, asikimbie wala asipandishe hasira. Aanze na Ahmed bin Ibrahim mbele ya Suuna. Kipimo chetu kiliwekwa na yule mgeni mwaka 1844, na kwa kipimo hicho tunaweza kumpima mtawala yeyote, wa dini yetu au ya wengine.

Ya kuandaa kabla ya kutoka

Msitembee siku ya Ijumaa, msikiti hujaa na waongozaji huwa na kazi. Ulizeni ada za kuingia mapema, maana hubadilika na kuna sehemu zenye nafuu kwa wanafunzi wenye kitambulisho. Chukueni daftari, si simu peke yake. Kundi lisizidi watu 12, ili kila mmoja amsikie mwongozaji. Lubiri mfike mapema, muwahi alasiri katika msikiti wa karibu.

Maswali ya mjadala

1. Je, jengo la kikoloni lina haki ya kuhifadhiwa? Nani wa kuamua?

2. Kwa nini mashahidi Waislamu wa 1876 hawajulikani sana, hata kwetu sisi? Ni wajibu wa nani kuwaandika?

3. Msikiti ukijengwa kwa mali ya mtawala dhalimu, tunamkumbuka vipi mtawala huyo?

4. Katika mji wa kwenu, ni njia gani ya kilomita chache ambayo ungewatembeza wenzako? Taja vituo vinne, na kimoja kati yake kiwe kile ambacho ungependa kukiruka.

Allah atujaalie kuwa miongoni mwa wanaotembea wakazingatia, na wanaoshuhudia kwa haki. Wallaahu a'lam.